Gari la Juu Kati ya Sirari na Ikoma: Mwongozo wa Wiki za Mwanzo

Ukiwa umetoka kwenye gari dogo, siku ya kwanza kwenye gari la juu utaona mambo uliyokuwa hujawahi kuyaona kwenye barabara ileile. Utaona bodaboda anayechomoza kwenye njia ya vumbi kabla hajafika lami. Utaona ng'ombe walio nyuma ya ua wa minyaa. Michomoko inayobeba abiria kwenda Sirari utaitazama kuanzia paa. Utafurahi, na una haki ya kufurahi, maana fedha ni zako.

Furaha hiyo ndiyo ya kuichunga. Aliyekaa juu huiona lami kama inakwenda polepole. Mshale ukiwa kwenye 100, macho yanakuambia ni 70, na mwili haukatai kwa sababu viti ni laini na kelele za matairi ziko mbali. Nakushauri wiki za mwanzo uzitumie kulifahamu gari. Kulijaribu kuna siku zake. Mwongozo huu nimemwandikia aliyenunua RAV4, X-Trail, Forester, Escudo, Vanguard au Prado, gari jipya kwake hata kama lilitoka kiwandani mwaka 2009, na ambaye njia zake za kila siku ziko kati ya Sirari, Nyamongo, Mugumu na Ikoma.

Kabla hujatoka nalo Dar

Wengi wa Mara hukutana na magari yao Dar es Salaam, yakiwa yametoka melini, na safari ya kwanza ni zaidi ya kilomita 1,300: Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga, kisha ama Mwanza na Magu, ama unakata Mwigumbi kupita Maswa na Bariadi na kutokea Lamadi. Ni mwendo mrefu kwa gari usilolijua, ambalo nalo limekaa melini na bandarini kwa majuma.

Anza na matairi, na usiridhike na urefu wa meno. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara: 2318 maana yake liliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi la miaka kumi lenye meno mazuri halifai safari hii, kwa sababu mpira umeshakauka ndani. Tazama pia kama limeandikwa STUDLESS. Hilo ni tairi la theluji. Mpira wake ni laini, huisha upesi kwenye lami ya moto na huyumba kwenye kona. Gari lililokuja na matairi hayo huenda lilitoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo lala chini uitazame chasisi, mabomba ya breki na ekzosi kama vimeshikwa na kutu.

Ukishainuka, fungua mlango wa dereva. Penye fremu ya mlango mara nyingi kuna kibandiko cha oili kilichoandikwa Kijapani, lakini namba zake unaweza kuzisoma: kilomita na tarehe. Miaka yao huhesabiwa kwa enzi za wafalme. Ukiona H27 au 27 peke yake kwa gari la umri huo, jumlisha 1988 upate 2015. Ukiona R2, jumlisha 2018 upate 2020. Kibandiko kikisema oili ilimwagwa kwenye kilomita 118,000 mwaka 2016 na dashibodi inakuonyesha 84,000, umeshajua ulichouziwa. Linganisha pia na hati ya Japani ya kusafirisha gari nje, ambayo huandikwa kilomita. Na ukikuta alama ya gundi mahali ambapo kibandiko kilibanduliwa, jiulize aliyebandua alikuwa anaficha nini.

Hapohapo mlangoni kuna kibandiko kingine, cha upepo wa matairi. Magari mengi ya aina hii yameandikiwa karibu 220 kPa, ambayo ni psi 32. Kijana wa kujaza upepo atakuwekea 40 bila kukuuliza, kwa imani kwamba gari kubwa linataka tairi gumu. Mwambie namba kabla hajashika mpira. Tairi gumu kupita kiasi hurukaruka kwenye moramu, hushika ardhi kwa eneo dogo, na mshtuko wote unapanda kwenye shokapu na bushi zako.

Tafuta na tairi la akiba. Magari kadhaa ya Kijapani huja na tairi jembamba la muda, lililoandikwa lisizidishwe kilomita 80 kwa saa na linalotaka psi 60. Mengine hayana kabisa, yana chupa ya gundi na pampu ndogo, na gundi hiyo ina tarehe ya mwisho. Kwa njia ya Mugumu hilo halitoshi. Nunua tairi zima la saizi ileile. Kama ringi zina nati moja yenye umbo la ajabu, ufunguo wake uwe ndani ya gari, la sivyo pancha ya kwanza itakulaza porini.

Yule mama wa Kijapani anayezungumza kila ukiwasha gari hana neno: anakuambia kadi ya kulipia barabara za kwao haijaingizwa. Na redio isiposhika stesheni unazozijua usidhani ni mbovu. Redio za Japani za magari hayo zilitengenezwa kwa masafa ya 76 hadi 90, wakati kwetu FM inafika 108. Kuna kifaa kidogo cha kubadilisha masafa kinachouzwa madukani, au unabadilisha redio yenyewe.

Lami na mlima

Ukifika nyumbani utahisi gari limekuwa zito kuliko lilivyokuwa Dar. Usimkimbilie fundi akubadilishie plagi. Tarime mjini uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Asilimia 15 imebaki pwani. Jambo hili ni la kukumbuka unapotaka kulipita lori kwenye mwinuko: nafasi iliyokutosha Chalinze hapa haikutoshi.

Kwenye lami ya Sirari kwenda Kirumi, jifunze breki kabla ya kitu kingine. Asubuhi mapema, barabara ikiwa tupu nyuma na mbele, kanyaga breki kwa nguvu kutoka 50, kisha kutoka 80. Sikiliza kama gari linavuta upande mmoja. Sikia pedali inavyotetemeka chini ya mguu mfumo wa kuzuia matairi kujifunga unapofanya kazi, ili siku ya hatari usishtuke ukaachia. Ukiongeza mwendo mara mbili, kutoka 50 hadi 100, umbali ambao breki inahitaji kukusimamisha huongezeka mara nne. Gari la juu tena lina uzito mkubwa na kitovu chake cha uzito kiko juu, kwa hiyo kulikwepa shimo kwa kukata usukani ghafla ni hatari kuliko kulikanyaga shimo lenyewe. Shika usukani, punguza, pita. Ringi inanunulika.

Vijijini penye kibao cha 50, iwe 50. Askari wana tochi, hilo unalijua, lakini sababu yangu ni nyingine: punda. Hasogei kwa honi.

Jambo ambalo wamiliki wapya wengi wa huku hawafundishwi ni kuteremka. Gari lao ni la otomatiki, wanaweka D, na mteremko wote wanaushusha kwa mguu juu ya breki. Kutoka vilima vya Tarime kwenda bonde la Mto Mara kuna miteremko ambayo ukifanya hivyo na gari limejaa watu, utaanza kusikia harufu ya kuungua, kisha pedali inakuwa laini, inazama. Mafuta ya breki yamechemka. Dawa yake iko kwenye lever ya gia. Kabla ya kuanza kushuka, toa D uweke 3 au 2, au L, au sogeza kwenye S au M upunguze namba. Injini italia, mshale wa mizunguko utapanda hadi 3,000 au 4,000, na utadhani unaiumiza. Huiumizi. Inalishika gari kwa ajili yako, na petroli haitumiki ukiwa umeondoa mguu kwenye pedali. Breki iwe ya kugusa na kuachia. Magari mengine, kama X-Trail ya kuanzia 2007 yenye kuvuta miguu yote minne, yana kitufe cha kushukia mlima chenye picha ya gari kwenye mteremko. Kijaribu kwenye kilima kidogo mchana, ujue kinavyofanya kazi kabla hujakihitaji.

Unayo au huna fowili?

Nembo ya nyuma isikudanganye. RAV4, X-Trail na Harrier zipo zinazovuta mbele tu. Lala chini utazame: kama hakuna propela shafti inayokwenda nyuma kwenye difu, una gari dogo lililovaa viatu virefu, na hakuna ubaya, ila mpango wako wa mvua utakuwa tofauti.

Kama shafti ipo, ujue aina yako. RAV4 ya kizazi cha tatu, Vanguard na X-Trail ya 2007 kwenda mbele kwa kawaida huvuta kwa mbele, na nguvu hupelekwa nyuma mbele ikianza kuteleza. Zina sehemu ya LOCK. Ukiiwasha, nguvu inagawanywa mbele na nyuma, lakini ukizidi kilomita 40 hivi kwa saa inajiachia yenyewe. Forester huvuta miguu yote wakati wote, haina cha kubonyeza. Escudo ya kizazi kilichoanza 2005 ina gia nzito, na Prado nayo inayo, pamoja na kufunga difu ya katikati. Hizo mbili ndizo zenye haki ya kuitwa za porini. Nyingine ni magari ya mjini yenye ujasiri kiasi, na nafasi chini ya tumbo ya sentimita 20 hivi, ambayo hupimwa gari likiwa tupu.

Usifunge difu kwenye lami kavu. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma hayasafiri umbali sawa, na yakifungwa pamoja mzigo wote unakwenda kwenye gia na shafti. Utalisikia likijikaza kama linavutwa nyuma. Kwa sababu hiyohiyo matairi manne yawe ya saizi moja na yamechakaa karibu sawa. Kwenye Forester hasa, kununua tairi moja jipya na kuacha matatu yaliyoisha ni kununua ubovu wa gia.

Na kubwa kuliko yote: kuvuta kwa miguu minne kunakusaidia kuondoka, hakukusaidii kusimama. Kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, hata IST. Anayekupita kwa mbwembwe kwenye utelezi wa Nyamwaga eti ana fowili, mwache aende.

Tarime hadi Mugumu

Njia ya Tarime, Nyamwaga, Nyamongo hadi Mugumu ni kilomita 87 hivi, na ndiyo mwalimu mkuu wa gari lako. Imekuwa ikiwekwa lami kwa vipande, kwa hiyo katika safari moja unaweza kukutana na lami, mchepuko wa wajenzi, moramu iliyochongwa na greda juzi, na moramu iliyosahauliwa. Eneo la Nyamongo lina pilikapilika za mgodi wa North Mara: malori marefu, mabasi ya wafanyakazi, bodaboda waliobeba kila kitu. Lori likija mbele yako kwenye vumbi, punguza na usogee kushoto mapema. Mawe yanayorushwa huvunja kioo kwa nguvu ya mwendo wenu wawili ukijumlishwa, na wewe una uwezo wa kupunguza wa kwako. Ukiwa nyuma ya lori, usipite ndani ya wingu. Kaa nyuma hadi upepo uligeuze vumbi upande mmoja uone mbele.

Vumbi huingia zaidi kupitia mlango wa nyuma. Ukiwa peke yako barabarani, funga vioo, weka feni ivute hewa ya nje, ili ndani ya gari kuwe na msukumo unaolizuia vumbi. Ukiwa nyuma ya gari jingine, geuza izungushe hewa ya ndani. Filta ya hewa ya injini itoe uitazame kila baada ya safari kama hii wakati wa kiangazi. Iko kwenye boksi lenye vibanio, huhitaji fundi.

Vile vijituta vilivyojipanga mfululizo kwenye moramu vitakufundisha unyenyekevu. Kuna mwendo fulani, kati ya 50 na 70 kwa magari mengi, ambapo gari linaelea juu yake na mtikisiko unapungua. Madereva wa mabasi wanaujua na ndio wanaoupenda. Mimi siupendi kwa dereva mpya, maana gari linaloelea matairi yake yanagusa ardhi nusu ya muda tu, na kona ikitokea hulikati, linakwenda lenyewe. Nenda 40, tikisika, fika. Mzee aliyekaa kiti cha nyuma akisema "polepole, mura", msikilize, hata kama kijana aliyekaa pembeni yako anakuambia gari linakohoa.

Baada ya safari mbili tatu za moramu, kaza nati za magurudumu na mwambie fundi akague boli joint, bushi na raba za shokapu. Gari lililolelewa kwenye lami ya Japani huanza kulegea sehemu hizo likifika kwetu.

Tope

Udongo wa huku si mmoja. Kwenye vilima vya Tarime kuna udongo mwekundu unaoteleza juu ukilowa, lakini chini ni mgumu. Unateleza, hulazimiki kuzama. Ukiingia tambarare za Serengeti, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukiwa mkavu unapasuka nyufa. Ukilowa unashika tairi, unajaza meno yote, na tairi lako la bei linakuwa gurudumu la udongo. Huo mweusi ndio wa kuogopa. Miezi ya Machi hadi Mei, na tena kuanzia Novemba, uliza kabla ya kuingia: waulize bodaboda, wao wamepita asubuhi hii.

Unapoona tope mbele, simama pakavu, shuka, utembee. Gari la juu linawafanya watu waone aibu kushuka, sijui kwa nini. Tazama makorongo ya matairi ya malori: kama kina chake kinazidi nafasi ya chini ya gari lako, utakaa juu ya tumbo na magurudumu yatazunguka hewani. Bonyeza LOCK kabla ya kuingia, usisubiri kukwama. Kwenye tope zito zima pia udhibiti wa kuteleza, kile kitufe chenye picha ya gari na mistari iliyopinda, kwa sababu kikiwa kimewashwa kinakata nguvu ya injini pale unapoihitaji. Weka gia ya pili au L, shika mwendo mmoja wa taratibu, na usikanyage zaidi magurudumu yakianza kuzunguka bure. Kila mzunguko wa bure unachimba.

Ukikwama, punguza upepo hadi psi 20. Tairi linapanuka chini, linashika. Wengi hawaamini mpaka wajaribu. Lakini uwe na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya gari, maana kurudi kwenye lami na psi 20 kunaharibu tairi na kunaweza kulitoa kwenye ringi. Ukivutwa, tumia ile ndoano ya kufungia kwa skrubu iliyomo kwenye mfuko wa vifaa vya gari, inaingia kwenye tundu lenye kifuniko mbele ya bampa. Usikubali watu wafunge kamba kwenye mkono wa tairi. Na gari lolote la otomatiki la miguu minne lisivutwe umbali mrefu magurudumu mawili yakiwa chini na mawili juu.

Mito nayo ina tabia zake. Mto Mara unaanzia kwenye milima ya Mau, Kenya. Unaweza kusimama Serengeti, jua linawaka, na maji yakaongezeka kwa mvua iliyonyesha kwa wenzetu. Vijito vya msimu hujaa na kupungua ndani ya saa chache. Maji yanayotembea yenye kina cha sentimita 60 yanatosha kulichukua gari kubwa, na hata chini ya hapo hujui kama daraja la chini bado lipo. Mdomo wa kuvutia hewa wa magari mengi haya uko karibu na taa ya mbele. Yakiingia maji humo, injini inavunjika ndani. Subiri. Kuna chai Mugumu.

Gari la ukoo

Ukishakuwa na gari la juu Tarime au Serengeti, una gari la wagonjwa, la harusi, la msiba na la mahindi. Huwezi kukataa na sikushauri ukatae, ila ujue hesabu. Wajapani wanapoandika uzito wa gari lililojaa, humhesabu kila mtu kilo 55. Gari la watu watano limehesabiwa kilo 275 za watu. Pakia wanaume watano waliokula ugali wa mtama vizuri na umeshapitiliza kabla hujaweka gunia. Gunia la kilo 100 likae chini, karibu na mgongo wa kiti, lisikae mwisho kabisa wala juu ya keria. Ongeza upepo wa nyuma kama kibandiko kinavyosema kwa mzigo kamili. Usiku shusha taa zako kwa kile kigurudumu cha kushoto au kulia mwa usukani, maana nyuma ikilala mbele inainuka, na utawapofusha wote wanaokuja kutoka Sirari.

Watoto watajaa uani siku za kwanza. Mtoto mdogo akisimama nyuma ya bampa haonekani kwenye kioo chochote kati ya vitatu, na kamera ya nyuma ikiwa na vumbi haionyeshi kitu. Zunguka gari kwa miguu kila kabla ya kurudi nyuma. Kila mara.

Mafuta, pima mwenyewe: jaza hadi juu, andika kilomita, tembea wiki, jaza tena hadi juu kituo kilekile, gawanya. Namba utakayopata kwenye moramu itakuudhi. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa kila wilaya, na utaona Tarime na Mugumu ni ghali kuliko Dar kwa sababu ya usafirishaji.

Ukitaka kuingia hifadhini

Kutoka Mugumu unakwenda Ikoma, na kabla hujafika geti utakuwa umeshapita kwenye makazi ya wanyama. Nyumbu wakipita upande huu katikati ya mwaka hawajui mpaka wa hifadhi, na tembo wa kijiji cha Robanda hawajui saa ya kazi. Kuanzia jioni punguza mwendo. Ndani ya hifadhi kikomo ni kilomita 50 kwa saa, kutoka nje ya barabara ni marufuku, na kuendesha usiku pia. Malipo ni kwa kontroli namba au kadi, kwa hiyo shughulikia kabla mtandao haujakukimbia, na uangalie saa uliyoingia kwa kuwa kibali huhesabiwa kwa saa.

Kama gari lako ni jeusi au la buluu iliyokoza, utapata wageni: mbung'o hupenda rangi hizo na hufuata kitu kinachotembea. Funga vioo kwenye vichaka, fungua kwenye mbuga wazi. Simama mbali na tembo wenye watoto, injini ikiwa inawaka, na acha nafasi ya kurudi nyuma. Gari la juu halimtishi tembo.

Kwa wanaotaka kuvuka Isebania kutembea Migori au Kisii: kadi ya gari iwe na jina lako, au uwe na barua ya mwenye gari, ukate bima ya Yellow Card na kibali cha muda cha forodha. Bima yako ya kawaida ya ndani haivuki mpaka, hata kama duka unalokwenda unaliona ukiwa Sirari.

Huduma ya kwanza

Usisubiri kilomita 5,000 za kawaida. Ukifika nyumbani na safari za mwanzo zikishakwisha, mwaga oili ya injini, badilisha filta zote, na uanze kuhesabu upya kwa daftari lako mwenyewe. Angalia maji ya rejeta yakiwa baridi. Kama ni maji matupu yenye rangi ya kutu, safisha uweke coolant. Mafuta ya breki yaliyogeuka rangi ya chai ya rangi, badilisha, na sababu umeshaisoma kwenye miteremko.

Kisha gia. X-Trail ya kizazi kilichoanza 2007 na RAV4 nyingi za soko la Japani zina gia ya CVT, inayotumia mkanda wa chuma badala ya meno. Inataka mafuta yake mahsusi, kwa X-Trail ni NS-2, na ukiweka mafuta ya otomatiki ya kawaida mkanda unateleza hadi unakufa. Jina la mafuta liko kwenye kijitabu cha gari au kwenye kibandiko ndani ya boneti. Nunua mwenyewe, Musoma au Mwanza, kopo lililofungwa, na ulifungue mbele ya fundi. Fundi akikuambia kwamba gia hii inakula ATF yoyote, mshukuru, washa gari, nenda gereji nyingine.